Sifa za Kazi ya Baada ya Kazi

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kuishi kwa kazi moja ni anasa ya wachache. Mwalimu akitoka darasani huenda shambani, muuguzi ana genge lake sokoni, na karani ana ng'ombe wanaochungwa na ndugu kijijini. Mtengeneza programu anayemaliza saa za mwajiri kisha akafungua tena kompyuta kwa kazi yake ya pembeni hana jambo la kuwashangaza watu wa huku. La kujiuliza ni hili: katika kazi hiyo ya pili, kipi kinastahili sifa? Wengi husifu kukesha. Naona sifa hiyo imekosea mlango, maana kukesha hata mlevi hukesha. Kinachostahili sifa ni ufundi wa kuigawa kazi kubwa iwe vipande vinavyoenea katika muda mdogo, na kukiacha kila kipande katika hali ambayo mtu mwingine atakipokea na kukiendeleza.

Ushahidi ni ramani ya wilaya hizi zenyewe. Huku wasichana hukimbia makwao kuepuka ukeketaji, hasa mwezi Desemba shule zinapofungwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha kati ya miaka 5 na 15. Lakini sheria haijui njia ya kufika kitongojini. Simu ikiita usiku, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na watumishi wa Nyumba Salama ya Mugumu, iliyo chini ya shirika la Rhobi Samwelly la Hope for Girls and Women, wanapaswa kujua binti yuko wapi na gari lipite wapi, ilhali awali vitongoji vingi havikuwa katika ramani yoyote ya kidijitali. Mwaka 2015 Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map, chini ya shirika la Tanzania Development Trust, ili vijiji vya Tanzania vichorwe katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004.

Waliochora ni maelfu ya watu wa kujitolea, walio wengi hawajapata kuikanyaga Mara. Kazi yao imewezekana kwa sababu ya jinsi ilivyogawanywa. Programu iitwayo Tasking Manager hukata eneo zima kuwa miraba midogo. Anayetaka kazi huchukua mraba mmoja, nao hufungwa ili mwingine asiuguse kwa wakati huo. Huchora mapaa na njia kwa kufuata picha ya setilaiti, kisha huuachia, na mtu wa pili huukagua. Mwenye nusu saa amefanya kitu kamili. Zana zenyewe zina historia ya namna hiyo: JOSM, programu ya kuchorea ramani hizi, iliandikwa na Immanuel Scholz mwaka 2005, na hadi leo inatunzwa na mikono mingine, kwa kuwa msimbo wake uliachwa wazi.

Kuna watakaosema kwamba mtu wa ng'ambo anachora asichokijua. Ni kweli. Setilaiti huona paa, haioni kama ni zahanati au ghala, wala haijui jina la kitongoji. Ndiyo maana majina yaliongezwa na wenyeji, wakitembea na simu zenye programu kama Maps.me, ambayo hufanya kazi hata pasipo intaneti. Pingamizi hili, badala ya kuiangusha hoja, linaikazia: mchoraji wa mbali alifanya nusu ya kazi na kuiacha mahali ambapo mwenyeji aliweza kuishika. Angetaka kuimaliza peke yake, angeiharibu.

Pingamizi zito zaidi linahusu haki. Kwa nini kazi inayopaswa kulipwa na serikali au mashirika ifanywe bure na watu waliochoka? Je, mwajiri hapunjwi, na watoto nyumbani hawamkosi mzazi? Sitalipuuza. Ramani haimwondolei polisi wajibu wake, wala haimfuti mtoa bajeti katika orodha ya wadaiwa. Na anayetumia saa za mwajiri, au vifaa vya ofisi bila ruhusa, hana cha kusifiwa. Lakini tiba ya uchovu ni ufundi uleule ninaousifu. Kazi iliyogawanywa vizuri haimdai mtu usiku wake wote. Akiugua, akipata mtoto au akihamishwa, huweka kipande chake chini na kazi haifi. Miradi mingi ya pembeni hufa kwa sababu yote imekaa kichwani mwa mtu mmoja.

Basi kijana wa Tarime, Musoma au Mwanza unayeandika programu yako baada ya saa za ofisi, usijivunie usiku uliokesha. Andika maelezo yanayosomeka, gawa kazi, na tafuta mapema mtu wa kukupokea. Kazi ya pembeni inayomhitaji mwenyewe kila siku ni ajira ya pili isiyo na mshahara. Inayoweza kuendelea bila yeye ndiyo ufundi.