Kiswahili cha Fulana za Mlima

Mwanafunzi mmoja alifika darasani kwetu hapa Gisozi akiwa amevaa fulana ya Kilimanjaro. Kifuani palichorwa mlima, na chini yake ziliandikwa semi tatu: Jambo, Hakuna Matata, Pole Pole. Wenzake wakatuuliza kama hicho ndicho Kiswahili tunachowafundisha. Swali lilikuwa la haki, nasi tunapenda kulijibu kwa kuihakiki fulana hiyo kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote.

Tuanze na Jambo. Katika salamu, neno hili huhitaji viambishi: hujambo, hamjambo; na anayejibu husema sijambo au hatujambo. Fulana imevitupa viambishi, na pamoja navyo imewatupa watu. Hatujui nani anamsalimu nani, wala kama ni mmoja au wengi.

Hakuna matata ni sentensi sahihi kisarufi, ingawa wasemaji wengi wangesema hakuna shida. Watalii waliizoea kupitia wimbo Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms la Kenya, uliotoka mwaka 1982, kisha filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Mwaka huo huo wa 1994 kampuni ya Disney iliomba kuisajili huko Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye fulana, ikakubaliwa mwaka 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga usajili huo. Usajili haukumzuia mtu kuitamka, lakini ulituonyesha kwamba maneno yetu yana bei.

Hata hivyo, lawama yetu kubwa ni nyingine: mlimani usemi huu si wa kweli. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyembamba, kichwa huuma, usingizi hauji. Na mpagazi hupanda akiwa na mzigo unaoweza kufika kilo 20. Matata yapo, ila yamebebwa na mtu mwingine.

Usemi wa tatu tunautetea. Waongozaji husema polepole kwa sababu anayepanda kwa pupa huugua ugonjwa wa mwinuko, na ugonjwa huo huua. Ni agizo la kazi, si pambo. Lakini neno hili huandikwa kwa kuunganishwa. Likitenganishwa, tunapata pole mbili, yaani maneno ya kumfariji aliyepatwa na taabu. Mpandaji aliyeshuka na malengelenge miguuni huenda akaona yote mawili yanamfaa, ila mwalimu hawezi kuyapa alama sawa.

Hatusemi fulana hizo zisinunuliwe. Wauzaji wanapata riziki, na kwa wageni wengi hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili kuyasoma. Tunachodai ni kwamba Kiswahili hicho kimeandikwa kumpendeza mgeni tu. Anayeongoza njia na anayebeba mzigo hawamo.

Jambo hili linatuhusu sisi Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Tunayo Karisimbi yenye mita 4,507, Bisoke yenye mita 3,711, na Muhabura yenye mita 4,127, ambayo jina lake kwa Kinyarwanda humaanisha anayeonyesha njia. Fulana za milima hii zikitaka kubeba Kiswahili, zisinakili za Kilimanjaro. Hazina ya methali ipo: Milima haikutani, binadamu hukutana. Na kwa mwenye kupenda mzaha: Aliye juu mngoje chini.

Mafundi wa kuchapa fulana hawakosekani Kigali. Wanachohitaji ni maneno, na hiyo ni kazi yetu. Tunawaomba wanafunzi walete kila mmoja usemi mmoja wa fulana ya mlima, wenye mtu ndani yake, tuujadili darasani.