Pilipili Usoila na Anayeivaa

Methali "Pilipili usoila yakuwashiani?" hufundishwa kama onyo kwa watu wa kimbelembele: ya wenzako waachie wenyewe. Uchambuzi huo naona ni mfupi mno. Unasahau methali hii ilikopata ukali wake, yaani kwenye kanga.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, ule mstari wa maneno. Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, mwenye alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", anatajwa miongoni mwa waliotangulia kuchapisha majina hayo, mwanzoni kwa hati za Kiarabu. Fikiria bi harusi anayepangiwa kila kitu na wifi zake, hata chumvi ya mchuzi. Hawezi kuwaambia hayawahusu. Ataonekana hana adabu. Lakini akijifunga kanga yenye jina hilo na kupita uani, amesema na hajasema. Akiulizwa, atajibu kwamba alipenda rangi. Fanani hapa ni mvaaji, na hadhira ni yeyote anayejihisi.

Huku Gisenyi nguo yetu, kama ya majirani zetu wa Goma, ni kitenge, nacho hakina jina. Methali inatufikia darasani bila nguo yake, nasi tunaiandikia "funzo". Kichekesho kikubwa: maneno ya kukataa nasaha yamegeuzwa nasaha!

Hata hivyo, nina ugomvi na methali yenyewe. Inachukulia kwamba pilipili ya mtu haiwezi kumwasha jirani. Mtaani nyumba zimebanana. Mwanamke akipigwa usiku, watoto wa nyumba ya pili hawalali. Rwanda tuna Umugoroba w'Imiryango, mkutano wa majirani ambako hata ugomvi wa ndani ya nyumba hujadiliwa. Kwa mantiki ya kanga, hao wote ni wadaku. Na mume anayepiga angeipenda sana kanga hii. Angemvalisha mkewe yeye mwenyewe, jirani anayebisha hodi asome na kurudi kwake.

Jina ni lilelile, herufi kwa herufi. Kwa bi harusi ni ngao, kwa mume huyu ni kufuli la mlango. Ndiyo maana swali la mtihani "Methali hii inafunza nini?" halinitoshi. Ningependa tuulizwe nani anaisema, kwa nani, na nani yuko ndani ya nyumba.