Alama za Penseli Ndani ya Bawa

Chini ya karatasi iliyopauka ya ndege ndogo ya mfano iliyoundwa nyumbani Uingereza miaka ya 1940 au 1950, mara nyingi hukutwa alama za penseli: mstari wa katikati, namba ya kila ubavu wa bawa, mshale unaoonyesha upande wa mbele. Aliyeziandika hakutarajia zisomwe na mtu mwingine. Alizifunika kwa karatasi, akapaka laka, akaenda zake uwanjani. Miaka sitini au sabini baadaye mtu wa pili huibandua karatasi ile, na kabla hajashika kisu wala gundi, hana budi kusoma. Heshima yote ya ufundi huu imo humo. Anayeifufua ndege ya zamani hukubali kuwa mwanafunzi wa fundi ambaye hayupo.

Ninazisema zile ndege zisizo na redio wala kamba, zinazopaa kwa injini kwa sekunde chache kisha kuelea zenyewe hadi chini. Ukoo wake ni mrefu. Mwaka 1901, kabla ndugu Wright hawajaruka, Samuel Langley alirusha Marekani ndege ndogo isiyo na mtu iliyoendeshwa kwa injini ya petroli. Mwaka 1914 Mwingereza David Stanger aliiweka ya kwake hewani kwa sekunde 51, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1932, C. E. Bowden alipofikisha sekunde 71. Miaka hiyohiyo ya 1930, injini ndogo za William Brown wa Philadelphia ziliwafungulia njia vijana wa Marekani. Vita vilipokwisha, Waingereza nao wakapata dizeli ndogo za Mills, ya kwanza ikitoka mwaka 1946 ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1.3 tu. Kuanzia hapo kijana aliyekuwa na wembe, gundi, vipande vya mbao za balsa kutoka Ekuado na mchoro uliochapishwa katika jarida kama Aeromodeller aliweza kuunda ndege juu ya meza ya jikoni. Kila mmoja alibadilisha hapa na pale alivyoona inafaa, kwa hiyo hata ndege mbili zilizotokana na mchoro mmoja hazikulingana.

Kazi huanzia kwenye injini, maana ndiyo inayokatisha watu tamaa mapema. Mafuta ya dizeli hizi huchanganywa kwa vitu vitatu, takriban theluthi kwa theluthi: etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo. Etha huwaka kwa kushindiliwa tu, kwa hiyo hapahitajiki plagi wala betri. Mafuta ya taa huongeza nguvu, na ya nyonyo hulainisha. Mnyonyo tunaujua; huota wenyewe nyuma ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na mafuta ya mbegu zake ni mlinzi mwema wa chuma kinachozunguka kwa kasi. Lakini yakiachwa ndani ya injini miaka na miaka huganda yakawa ulimbo. Ndiyo maana injini iliyokaa kabatini nusu karne hukataa kuzunguka hata kidogo, na asiyejua husema imekufa.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Akiuzungusha mhimili kwa koleo, au akichomeka bisibisi kwenye tundu la moshi ili aisukume pistoni, ataiua kweli. Pistoni ya injini hizi haina ringi. Imesagwa hadi ikakaa ndani ya silinda bila kuacha nafasi, na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha mgandamizo. Dawa yake ni joto na subira. Injini hupashwa kwa mashine ya kukaushia nywele, tone la mafuta mepesi likadondoshwa kwenye tundu la moshi, ikaachwa. Baadaye hupashwa tena. Propela hufungwa ili mkono upate pa kushika, kisha mhimili hujaribiwa kwa vidole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ulimbo ukilainika, husogea upana wa ukucha, halafu robo ya mzunguko, mara pistoni inapita kileleni na vidole vinahisi ukinzani wa hewa iliyobanwa. Silinda ingali nzima.

Kuiwasha nako kuna elimu yake. Juu ya kichwa cha injini ipo skrubu yenye mkono mfupi. Ukiikaza, mgandamizo unaongezeka. Pembeni ipo sindano ya kupimia mafuta. Zaidi ya hizo mbili huna cha kurekebisha. Kidole kinaipiga propela, injini inakohoa na kutoa moshi wenye harufu ya etha, skrubu inakazwa kidogo, inashika. Ikikazwa mno, mlio unazama na kuwa mzito. Ikilegea mno, moto unakatikakatika. Kati ya milio hiyo miwili upo mmoja ulio safi, na hakuna chombo cha kuutafuta kupita sikio lililotulia.

Mbao zina madai yao. Zile za puani zilizonyonya mafuta kwa miaka hazishiki gundi. Hukatwa hadi kwenye mbao kavu, na kipande kipya huungwa kwa mshazari ili gundi ipate eneo kubwa la kushika. Ubavu uliovunjika huchongwa upya kwa kumfuata mwenzake. Karatasi ya shashi iliyokuwa imara sasa hupasuka kwa kuguswa tu, nayo hubadilishwa. Mpya hubandikwa kingoni, hunyunyiziwa maji kama umande, na inapokauka hujikaza yenyewe na kuwambika juu ya mbavu. Laka hufuata, nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na wakati wote huo bawa hubanwa juu ya ubao ulionyooka, kwa sababu karatasi inayojikaza ina nguvu ya kuupinda mti.

Sasa tufike penye kiini cha ufundi huu. Ndege inayojirukia haina mtu wa kuirekebisha ikishaachiwa. Yote ambayo rubani angeyafanya angani hutiwa katika umbo lake ingali chini. Kwa hiyo fundi wa kwanza aliielekeza injini nyuzi mbili tatu chini na kulia, ili nguvu yake isiinue pua kupita kiasi wala isiivute ndege ikalalia kushoto. Alipachika kibanzi chembamba chini ya mkia. Alizisokota kidogo ncha za mabawa, ukingo wa nyuma ukainuka, ili ncha zisipoteze nguvu ya kunyanyua mapema. Hakuyapata yote hayo kwenye mchoro. Aliyapata uwanjani, baada ya kuiona ndege ikipiga mbizi, akairudisha nyumbani, akaitengeneza, akarudi nayo tena.

Macho yasiyozoea yataona kasoro tu: injini iliyokaa upande, kibanzi kilichosahaulika, bawa lililopinda. Mtu mwenye bidii na pupa atavinyoosha vyote, atapaka rangi, atapata ndege nzuri isiyoweza kuruka, na hatajua kwamba amefuta matokeo ya majaribio ya miezi mingi. Kwa sababu hiyo mfufuaji wa kweli hupima kabla ya kufungua. Huandika nyuzi za injini, unene wa kibanzi na msokoto wa kila ncha. Pengine bawa limepindishwa na unyevu wa darini na si na fundi, na ni lazima ayatofautishe mawili hayo: alilolikusudia fundi huambatana na dalili nyingine, gundi ya makusudi, alama ya penseli, usawa wa kulia na kushoto. Na kiungo chenye gundi iliyofurika, kisichopendeza ila kinashika, hukiacha kilivyo.

Wapo wanaosema kitu cha umri huu kiwekwe kabatini kitazamwe. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Elimu iliyomo katika ndege hii haionekani mpaka iruke. Kabatini, kibanzi cha mkia ni kipande cha mti tu. Angani ndipo kinapojieleza. Kwa hiyo jioni tulivu mfufuaji huipeleka mahali penye nyasi ndefu, huirusha kwa mkono bila injini, huongeza uzito kidogo puani iwapo inanyanyuka na kuanguka, na siku ikielea vizuri huipa injini mafuta ya sekunde chache tu. Nguvu kamili huja mwisho. Utambi unaoungua huwekwa mkiani ili muda ukitimia mkia ufyatuke juu na ndege ishuke, isije ikachukuliwa na hewa ya joto inayopaa. Huko Old Warden, katika kaunti ya Bedfordshire, wapenzi wa ndege hizi bado hukusanyika na kuzirusha, na aliyeunda ya kwake mwaka 1950 angeyatambua yote wanayoyafanya.

Hatari ya kuivunja ipo, na fundi wa kwanza aliijua. Ndiyo sababu aliunda kwa vitu vinavyoungika. Tunachodaiwa sisi ni kuendeleza mazungumzo aliyoyaanza. Kabla hujafunika bawa kwa karatasi mpya, chukua penseli uandike kando ya alama zake: ubavu gani umeubadilisha, mwaka gani, umeona nini iliporuka. Atakayeifungua tena atahitaji kujua mkono wa fundi wa kwanza uliishia wapi na wako ulianzia wapi, na kuwatendea haki wote wawili.