Shughuli Ni Lini?

Kwa fundi wa vyombo vya muziki, siku za wiki hazifanani. Jumatatu na Jumanne huletwa vilivyoungua mwisho wa wiki. Jumatano hupita kimya. Kuanzia Alhamisi alasiri wanaanza kuingia wenye haraka. Mwenye muziki wa kukodisha ana harusi Jumamosi na malipo ya awali ameshachukua. Mwalimu wa kwaya ana ibada ya Jumapili. Kijana wa muziki wa singeli ana sherehe ya kigodoro usiku wa siku hiyohiyo anayoingia. Kila mmoja huingia na neno lilelile, "fundi, nifanyie haraka", na kila mmoja anasema kweli.

Nimezoea kupita kwenye duka la fundi mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, mara nyingine nikiwa na kifaa, mara nyingine mikono mitupu. Ninachokwenda kutazama ni anavyompokea mtu. Kulehemu wanajua wengi. Kumpokea mtu ambaye shughuli yake ni kesho kutwa, pesa za watu ameshazitumia na spika yake inanuka moshi, huo ni ufundi mwingine, na sijamwona aliyeufikia kama yeye.

Swali lake la kwanza halihusu ubovu. Huuliza: "Shughuli ni lini?" Mteja aliyekuja amejiandaa kubishana hujikuta anajibu: Jumamosi, saa mbili usiku, ukumbi fulani. Fundi anaiandika siku hiyo kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote. Ndipo anauliza chombo kinaumwa nini, na jibu analiandika kwa maneno ya mteja mwenyewe: inakwaruza, inavuma, inakatakata, ilitoa harufu ikazima. Hamsahihishi. Anaandika pia vilivyokuja nacho, waya, adapta, kifuniko, kisha anamsomea yote. Safu ya mwisho, ya siku ya kuchukua, anaiacha wazi mpaka chombo kifunguliwe. Hapo ndipo wengi hupandisha sauti, maana mafundi wa kila namna, kuanzia wa cherehani, wametuzoesha kupewa siku papo hapo hata kama haitatimia. Yeye hasemi "njoo kesho" ili mtu aondoke dukani. Akishaona ndani, anapiga simu na kutaja siku, na siku hiyo chombo kinakuwa tayari.

Mtu akifoka, hajibu akiwa ameshika chuma cha kulehemu. Anakirudisha kwenye kishikio chake, anajifuta mikono, anasogea hadi kwenye meza ya mbele, kisha anasema, "Ndiyo kaka, nakusikiliza." Mwanzoni nilidhani ni adabu tu. Ni adabu, lakini ni usalama pia. Ndani ya amplifaya kubwa mna kapasita zinazobaki na chaji hata plagi ikishachomolewa, chaji ya kutosha kumdhuru mtu, na yeye huimaliza kwanza kwa rezista kabla hajaingiza vidole. Kazi hiyo haikubali macho yaliyogawanyika. Kwa hiyo ugomvi wowote husikilizwa mezani, na amplifaya iliyofunguliwa husubiri kwenye benchi ikiwa haina umeme.

Lakini upole peke yake haungemfikisha mbali. Uwezo wake mkubwa ni kumwonyesha mteja kazi ilivyo, kwa macho yake, bila kumfanya ajione mjinga. Alikuja baba mmoja mwenye muziki wa kukodisha, amplifaya kwapani, teksi ikimsubiri nje. "Fundi, hii ni fyuzi tu. Weka fyuzi nyingine niondoke." Tayari alikuwa ameweka tatu, zote zimekatika. Fundi hakubishana naye. Alichukua ubao wake wenye soketi na balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 100, ambayo imeungwa ili umeme wa amplifaya upite kwanza kwenye balbu. Akaweka fyuzi nzima na kumsogezea ubao: "Haya, mzee wangu, washa wewe mwenyewe."

Amplifaya nzima ikiwashwa hivyo, balbu humulika kwa nguvu kitambo kidogo kapasita zinapojaa, kisha hufifia. Hii ilimulika ikabaki inamulika, nyeupe, kama imechomekwa ukutani moja kwa moja. "Huo mwanga wote," fundi alimwambia, "ndio umeme uliokuwa unapita kwenye fyuzi zako. Ndani kuna transista zimegusana. Tukiweka fyuzi ya nne, nayo inakwenda." Baba yule aliitazama balbu, akaizima mwenyewe, akatoka kwenda kumwambia dereva wa teksi asimsubiri. Fundi hakuwa amepandisha sauti wala hakuwa ametumia neno moja gumu. Nawastahi sana watu wanaoweza kumweleza mtu aliyekasirika jambo la kweli akalipokea.

Haraka ya mteja ina njia nyingine ya kuharibu kazi, nayo ni vipuri. Mtu huagizwa transista za kusukuma spika, tuseme 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, ambazo amplifaya nyingi huzitumia, naye hurudi na za bei nafuu alizozipata duka la jirani, anataka zifungwe sasa hivi. Bandia za namba hizo zimejaa duniani kote. Kwa nje zinafanana, maandishi yaleyale. Fundi ana kopo lenye mbili alizozivunja, halisi na bandia, zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu. Ndani ya ile halisi kuna kipande cha silikoni kipana cha kubeba umeme mwingi. Ndani ya bandia kipande ni kidogo mno, na kikibanwa kwenye sherehe yenye spika nne kinaungua kabla keki haijakatwa. Anamwachia mteja azishike na kuzigeuza, kisha anamwacha achague.

Kwa maoni yangu, saa ngumu kuliko zote huja kazi ikishakwisha. Amplifaya imefungwa, muziki unatoka safi, mteja amesimama na pesa mkononi. "Si inalia hiyo!" Na fundi anasema, "Inalia, lakini haijapata moto." Anaiacha ipige alasiri nzima kwenye rezista kubwa zinazochukua nafasi ya spika, maana ubovu wa aina fulani hujificha mpaka joto lipande. Risasi iliyolehemiwa na kushika nusunusu hubana ikiwa baridi. Ikipata moto, chuma kinatanuka, ufa unafunguka na sauti inakata. Kila baada ya muda huja kugonga bodi taratibu kwa mgongo wa kalamu ya plastiki, sehemu moja baada ya nyingine, kichwa amekiinamisha, akisikiliza kama kuna mkwaruzo.

Siku moja alimpa mwalimu wa kwaya ile kalamu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja tangu adhuhuri, akitazama saa. Mikseri ya kanisa ilikuwa imepona, ikapiga saa nzima bila tatizo, naye alikuwa ameomba mara kadhaa aruhusiwe kuondoka nayo. Aligonga pembeni mwa tundu moja la waya, na upande mmoja wa muziki ukazima. Akagonga tena, ukarudi. Alicheka kwa mshangao, akakaa chini, na hakuuliza saa tena. Ubovu ule ungejitokeza Jumapili, mbele ya waumini, katikati ya wimbo. Fundi aliuziba kwa dakika chache, akawasha upya, akaanza kuhesabu muda kutoka mwanzo.

Kwenye spika kuna gundi, na gundi haina mjadala. Koili mpya ikishawekwa kwenye mwanya wa sumaku, ikashikiliwa na vipande vyembamba vya filamu pande zote ili isiguse popote, ikapakwa gundi, inaachwa ikauke mpaka siku ya pili. Vijana wa singeli ndio huumia hapa kuliko wengine. Muziki wao unakwenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, koili haipati nafasi ya kupoa, na mikseri ikisukumwa mpaka taa nyekundu, mawimbi hukatwa vichwa na joto linazidi. Wakija na spika zilizoungua huwaambia, "Mdogo wangu, ile taa nyekundu inakuomba upunguze," na huwaonyesha koili iliyogeuka nyeusi. Baadhi yao hurudi. Wengine huonekana wakipita tu kusalimia, na hilo humfurahisha zaidi.

Vipo vyombo visivyoweza kupona kabla ya shughuli hata fundi akikesha. Kwa ajili ya hivyo ana amplifaya zake mbili kuukuu, nzito, hazina rangi tena. "Chukua hii ya kushikizia," humwambia mtu, "harusi ipite, tuifanye yako kwa nafasi." Nimewaona watu walioingia wakifoka wakitoka wamebeba mzigo huo wakimshukuru. Fundi alikuwa ameelewa kwamba wanachohitaji ni Jumamosi ipite bila aibu, na hilo aliweza kuwapa siku ileile.

Kijana anayejifunza kwake alianzia kwenye daftari, akakaa nalo miezi kabla ya kuruhusiwa kushika chuma cha kulehemu. Sasa anajua kusema "bado sijui, nikifungua nitakupigia" bila kutazama chini. Anajua pia kalenda ya duka, ambayo fundi ameibandika ukutani. Shaaban ni mwezi wa harusi na sherehe za vunja jungu, na amplifaya za misikiti huletwa zote kwa pamoja kabla ya Ramadhani. Mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, harusi zinaanza upya. Desemba haina pumzi. Kwaresima ndiyo yenye nafasi, maana harusi za kanisani hupungua sana. Kwa hiyo fundi hupiga simu mapema, anamwita ustaadhi wa msikiti kabla Shaaban haijaingia, na wenye muziki wa kukodisha wiki ya Jumatano ya Majivu, walete vyombo vifunguliwe, vitolewe vumbi na viunganishwe upya. Baba wa zile fyuzi tatu haitwi tena. Kwaresima ikifika huleta vyake mwenyewe, vyote, na kuviacha wiki nzima.