Picha Iliyonunua Maji

Mwaka 1934, watu wa Melbourne, Australia, walinunua picha ili watu wengine, mbali kabisa jangwani, wapate maji. Sentensi hiyo ni tamu mno, na ndiyo maana inafaa kusomwa mara mbili.

Kisa chenyewe ni hiki. Katikati ya Australia, magharibi ya mji wa Alice Springs, kuna Hermannsburg, misheni ambayo Walutheri kutoka Ujerumani waliianzisha mwaka 1877 katika ardhi ya Waarrernte. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ukame ulibana, mboga zikakosekana, kiseyeye kikaingia, na watoto wengi wakafa. Mwaka 1933 mchoraji wa Melbourne, Violet Teague, alifika huko pamoja na dadake Una. Rafiki yao Jessie Traill, msanii pia, alikuwa ameshatembelea misheni hiyo kabla yao. Walichora. Na waliporudi mjini hawakuishia kusema "maskini wale." Waliandaa maonyesho, kazi zikauzwa, watu wakachanga, na pesa zikaenda kulaza bomba kutoka chemchemi ya Kaporilya hadi misheni. Mwaka 1935 maji yakafika.

Hebu tusiwe wagumu wa moyo. Mtoto mwenye kiu hanywi uhakiki. Ni rahisi kukaa na simu mkononi na kuwacheka wanawake hao kama wazungu waliobeba huruma kwenye mkoba wa rangi. Wengi wetu tunaochambua hatujawahi kulaza hata mita moja ya bomba.

Lakini shukrani kwa maji isitufunge mdomo kuhusu picha. Picha ikiuzwa ili kusaidia, yule aliyechorwa anapewa kazi ambayo hakuiomba: kuonekana anastahili kusaidiwa. Mnunuzi naye anarudi nyumbani na vitu viwili, picha ya ukutani na wema wake mwenyewe. Na kuna jambo ambalo biashara hiyo haina pa kuliweka. Ukame huletwa na mbingu, sawa. Ila watu kukwama mahali pamoja, ardhi yao ikiwa imeshikwa na wafugaji walowezi, hilo huletwa na watu. Waarrernte waliijua Kaporilya kabla ya misheni, kabla ya bomba, kabla ya mtu yeyote kuwaonea huruma. Sisi tuliozoea kutazama picha za Joy Adamson kwenye Makumbusho ya Nairobi, zile za jamii zetu alizochora kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, tunalifahamu jicho hilo. Linatazama mavazi kwa makini sana, halafu linasahau kuuliza ng'ombe walienda wapi.

Sasa, palepale Hermannsburg kulitokea jambo lingine, na kwangu ndilo kipimo. Mchoraji Rex Battarbee alifika mwaka 1932, na mwaka 1934 yeye na mwenzake John Gardner walionyesha kazi zao kwenye misheni yenyewe, mbele ya watu waliotoka katika ardhi ile. Mmoja wa waliotazama alikuwa Albert Namatjira, aliyezaliwa hapo mwaka 1902, fundi wa kuchora mbao kwa chuma cha moto. Hakutaka kuchorwa. Alitaka kujua kuchora. Mwaka 1936 alimwongoza Battarbee nyikani na kumtunzia ngamia, na malipo yake yakawa mafunzo ya rangi za maji. Miaka miwili baadaye alifanya maonyesho yake Melbourne, na picha zote 41 zikanunuliwa.

Wahakiki wengine wa wakati ule walimwona kama mwigaji stadi wa wazungu. Kwani walitarajia nini? Brashi ilikuwa ya Battarbee, lakini milima ile na ile miti yenye magome meupe ilikuwa ya babu zake Namatjira. Yeye hakuwa mgeni aliyesimama kando ya barabara akitafuta mandhari nzuri.

Hata hivyo, brashi pekee haitoshi. Mtu huyo ambaye picha zake zilining'inia kwenye sebule za Australia alinyimwa ruhusa ya kujenga nyumba Alice Springs. Alipewa uraia kamili mwaka 1957. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo kwa sababu ya pombe iliyomfikia jamaa yake, ambaye kisheria hakuruhusiwa kunywa. Alikufa mwaka 1959. Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyosimamia mali yake iliuza hakimiliki ya kazi zake kwa dola 8,500, bila familia kuulizwa. Ilirudi kwa jamaa zake mwaka 2017 tu, kwa dola moja.

Kwa hivyo ninapotazama picha za wasanii walioenda misheni na kurudi na huruma, sihangaiki sana kama walikuwa na moyo mzuri. Teague alikuwa nao, na bomba ni ushahidi. Ninauliza nani alibaki na brashi, na nani alibaki na karatasi ya umiliki. Mwaka 1956 William Dargie alishinda tuzo ya Archibald, tuzo maarufu kuliko zote za picha za watu nchini Australia, kwa kumchora Albert Namatjira. Mwaka 2020 tuzo hiyohiyo ilienda kwa Vincent Namatjira, kitukuu cha Albert, msanii wa kwanza kutoka wenyeji wa asili kuishinda. Alikuwa amejichora akiwa na mwanamichezo Adam Goodes, mwenyeji mwenzake. Kati ya picha hizo mbili kuna miaka 64. Maji ya Kaporilya yalikuwa yamefika zamani.