Fisi wa ng'ambo

The Lion Guard, katuni ya Disney iliyotoka 2015 kwenye filamu The Lion King ya 1994, watoto wetu hapa Kisinga wanaipenda, na wana haki. Beshte, yule kiboko, hata mimi ananichekesha.

Lakini sikiliza majina. Mtoto wa Marekani akisikia Janja au Ushari, kwake ni sauti tu. Mtoto wetu anaelewa: fisi na nyoka wamehukumiwa kabla hawajafanya kitu. Fisi wanakaa Outlands, nchi kavu ng'ambo ya mpaka. Wakivuka kutafuta chakula, kazi ya Kion, mtoto wa Simba, ni kuwafukuza. Njaa yao inafanywa ulafi. Sisi wa karibu na Mpondwe tunajua watu huwa wanavuka kwa nini.

Yupo Jasiri, fisi mwema, anaimba na Kion ule wimbo Sisi Ni Sawa. Kwangu ndiye bora kuliko wote. Hata Janja anageuka baadaye. Ila ni fisi tu wanaodaiwa kuonyesha wema, simba hadaiwi.

Katuni ikiisha watoto wanaigiza. Anayepewa kuwa fisi, mara nyingi, ni yule aliyefika juzi.