Kilo Ngapi Zikiharibika Faida Imekwisha?

Jumamosi ya mwisho ya Shaabani tulitundika mizani kwenye tawi la mwarobaini uani kwetu, Bula Pesa, mjini Isiolo. Chini tulitandika turubai safi, na juu yake manunuzi ya kaya sita kwa mwezi mzima wa Ramadhani: magunia mawili ya sukari ya kilo 50, jerikeni mbili za mafuta za lita 20, marobota mawili ya unga wa ngano, gunia la mchele la kilo 50 na katoni ya sabuni ya miche. Kwanza tulipima robota la unga ambalo halijafunguliwa, pakiti 12 za kilo mbili, ili tuijaribu mizani yenyewe. Ikasoma 24 na kitu kidogo. Mizani iko sawa. Kisha tukatundika gunia la kwanza la sukari. Kilo 49 na robo.

Dada anayetushikia daftari aliligeuza gunia lile akatazama mishono. Chini lilikuwa limeshonwa kwa mashine, mishono inalingana, uzi wa aina moja. Juu uzi ulikuwa mwingine, na mishono yake mirefu kwa mifupi, kazi ya sindano ya mkono. Lilikuwa limefunguliwa likafungwa tena. Tulilipakia kwenye mkokoteni likarudi lilikotoka, na muuzaji akatubadilishia bila ubishi mwingi. Robo tatu ya kilo si mali, lakini kwenye gunia lililokwisha kufunguliwa hujui kilichotoka ni kiasi gani wala kilichoingia ni nini. Mwaka 2018 serikali ilinasa maelfu ya magunia ya sukari ya magendo nchini, na mengi ya mazungumzo ya wakati ule yalihusu magunia kubadilishwa sura. Tangu hapo mimi husoma mshono kabla ya kusoma bei.

Isiolo ni mji wa jumla tangu zamani. Wasomali wa Isaaq na Harti waliotulia hapa baada ya kutumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wafugaji na wafanyabiashara kwa pamoja, na kwa miaka mingi lami iliishia hapa hapa. Anayekwenda Marsabit au Moyale, takribani kilomita 500 mbele, alipakia Isiolo kila atakachohitaji. Leo lami inafika Moyale, lakini desturi haijafa. Mtu wa Merti akiuza mbuzi wake bado hununua sukari, majani chai na unga wa wiki nyingi kwa mkupuo, kwa sababu barabara yake si ya lami na mvua ikinyesha huenda asitoke tena kwa siku nyingi. Kwake gunia ni akiba ya usalama, na hata lingeuzwa kwa bei ya rejareja angelihitaji. Sisi wa mjini tuna duka kila kona. Sababu yetu ya kununua gunia ni moja tu, kuokoa pesa, na kama haziokoki hatuna haja ya kulibeba.

Nitumie namba za mviringo, maana bei hubadilika wiki kwa wiki. Tuseme gunia la sukari la kilo 50 ni Sh6,900. Dukani kilo ni Sh160, kwa hiyo kilo 50 zitakugharimu Sh8,000. Ukinunua robo robo kwa Sh45, kilo zile zile 50 zitakula Sh9,000. Mwenye gunia ameokoa Sh1,100 mbele ya mnunuzi wa kilo, na Sh2,100 mbele ya mnunuzi wa robo. Hiyo robo ndiyo inayoniuma. Anayelipa bei kubwa kuliko wote mtaani ni yule aliyelipwa kibarua jioni na hana zaidi ya pesa ya chai ya leo na kesho.

Wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Sisi tumejifunza kuongeza mstari wa pili daftarini: ni kilo ngapi zikiharibika faida yote imekwisha? Kwa sukari, gawanya Sh1,100 kwa Sh160 na utapata karibu kilo saba. Ni vigumu kupoteza kilo saba za sukari. Haiozi. Unyevu utaifanya mabonge na sisimizi wataitembelea, lakini ndoo yenye kifuniko cha kubana inatosha. Nunua gunia bila hofu.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa unga. Robota ni Sh1,700, pakiti dukani ni Sh150. Pakiti 12 kwa rejareja ni Sh1,800. Umeokoa shilingi mia moja, na pakiti moja ikitobolewa na panya au ikilowa umeshapata hasara. Faida ya unga ni nyembamba namna hiyo, kwa hiyo tunanunua marobota ya kuisha ndani ya mwezi na si zaidi. Unga wa mahindi uliosagwa kwenye posho mill ni mgumu zaidi kuweka, kwa kuwa kiini cha punje kina mafuta na kinasagwa pamoja nayo. Kwenye joto letu unga huo huanza uchungu baada ya wiki chache. Wa kiwandani uliokobolewa hukaa zaidi kwa sababu kiini kimeondolewa.

Kwa mahindi yenyewe sina mzaha. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Huna mashine ya kupimia? Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu, tia punje za mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayo bado ni mabichi kwa kuhifadhi. Acha gunia hapo lilipo, hata kama ni rahisi kiasi gani.

Maharage ndiyo yaliyotufundisha haya yote. Mwaka wetu wa kwanza tulinunua gunia la kilo 90 kwa bei iliyotufurahisha. Chukulia Sh110 kwa kilo badala ya Sh140 za dukani: unaokoa Sh2,700, na zingeharibika kilo 19 ndipo faida iishe. Kwenye karatasi lilikuwa gunia salama kuliko la unga. Tukaliweka chumba cha nyuma, chini ya mabati, mchana kutwa linaokwa na jua la Isiolo. Baada ya wiki sita mama mmoja alitia mkono kuchota akautoa na vumbi jeupe. Tulipomwaga kwenye sinia, punje nyingi zilikuwa na tundu la mviringo, safi kama limetobolewa kwa sindano nene, na fukusi wadogo wa rangi ya kahawia wakikimbilia ukingoni. Tulichopoteza hakikuwa kilo 19. Kilikuwa nusu ya gunia.

Kosa letu lilikuwa kuhesabu kilo tukasahau siku. Sukari hupotea kidogo kidogo. Maharage hayapotei hivyo. Kwenye joto, fukusi hutoka kwenye yai hadi kuwa mdudu mzima kwa muda kama wa mwezi, na kila jike hutaga makumi ya mayai. Mwezi wa kwanza huoni kitu. Wa pili unaona wachache. Wa tatu gunia ni lao. Kwa hiyo swali la maharage ni kama kaya zenu zitalimaliza gunia kabla ya kizazi cha pili kutoka. Kaya sita zinazopika kilo mbili kwa wiki kila moja humaliza kilo 90 kwa wiki saba na nusu. Tulikuwa tumechelewa kabla hata ya kuanza.

Hata zile punje nzima zilitugharimu. Zilikuwa za misimu iliyopita, na maharage yaliyokaa sana kwenye joto na unyevu hugoma kuiva. Unayaloweka usiku, asubuhi mengine yamevimba na mengine yako vile vile kama kokoto. Tulichemsha asubuhi mpaka adhuhuri, na makaa yakaenda. Punguzo la Sh30 kwa kilo liliishia jikoni kabla halijafika mfukoni.

Siku hizi, siku moja kabla ya kununua, naomba kiganja kimoja cha maharage kutoka katikati ya gunia, si juu. Muuzaji mzuri hakatai. Nahesabu punje 50, naangalia matundu, naangalia pia vile vidoa vya mviringo vinavyong'aa kwenye ngozi kama dirisha dogo, maana hapo ndani kuna mdudu anayesubiri kutoka. Halafu naziloweka. Zikivimba zote asubuhi, narudi na pesa. Tukishanunua hatuyaachi guniani. Tunayajaza kwenye jerikeni kavu hadi mdomoni, tunakaza kifuniko, na wadudu waliomo humaliza hewa wakafa. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo hufanya kazi hiyo hiyo kwa gunia zima. Asiye na jerikeni ana njia nyingine: kuligeuza gunia kila asubuhi na jioni. Watafiti wa Michigan waliichapisha mwaka 1991. Buu la fukusi wa maharage likitoka kwenye yai hujibana kati ya punje mbili ili lipate pa kusukumia linapotoboa. Ukigeuza gunia, punje zinasogea na kazi yake inaharibika kabla halijaingia ndani.

Mafuta nayo yana jambo la kusoma. Jerikeni moja imeandikwa lita 20, nyingine kilo 20, na zimekaa bega kwa bega kwa bei zinazokaribiana. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa kama gramu 915. Lita 20 ni kilo 18 na kidogo, na kilo 20 ni karibu lita 22. Tofauti ni zaidi ya lita moja na nusu, na imeandikwa pale kwenye lebo. Mafuta yakishafunguliwa yanagombana na hewa, mwanga na joto, kwa hiyo jerikeni kwa kaya moja ni nyingi mno. Kwa kaya sita zinazokaanga sambusa kila alasiri haifikishi wiki tatu.

Sabuni ya miche ndiyo bidhaa pekee ninayoijua inayoboreka ikikaa. Mche uliokauka miezi miwili huisha polepole kuliko mbichi. Lakini usiuweke karibu na majani chai, mchele au unga. Tuliwahi kuvisafirisha pamoja kwenye mkokoteni juani, tukala pilau yenye harufu ya kufulia.

Na kuna kitu ambacho Isiolo hakinunuliwi kwa wingi kwa sababu mji wenyewe unakileta kila asubuhi: maziwa ya ngamia. Kina mama wa ushirika wa Anolei huyakusanya kutoka malishoni na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Kuyapita hayo ukanunua katoni ya maziwa ya unga kwa sababu tu ni jumla, hesabu yake siioni.

Binamu yangu aliyeko Minneapolis alinieleza maghala ya kwao. Sol Price alifungua Price Club San Diego mwaka 1976, Costco ikafuata Seattle mwaka 1983, na mteja hulipa ada ya uanachama ndipo aruhusiwe kununua. Ghala lile linamtegemea mtu mwenye gari, friji kubwa na umeme usiokatika, na mwenye pesa ya mwezi mkononi siku moja. Sisi gari letu ni mkokoteni na friji hatuna, ndiyo maana tunagawana siku ile ile. Hilo la mwisho, pesa ya mwezi siku moja, ndilo lililotusumbua zaidi.

Manunuzi yale ya Shaabani yalifika karibu Sh6,000 kwa kila kaya. Watano wetu tuliweza. Wa sita hufulia watu nguo na hulipwa kwa siku. Kukopa kwa simu ili anunue kwa jumla kungekula faida yote, kwa kuwa riba ya mwezi mmoja inaweza kupita alichookoa kwenye sukari. Mwenye daftari alirudi nyuma siku 60 kabla ya kununua, akamfungulia ukurasa wake: shilingi mia moja kila jioni, kwa M-Pesa au mkononi. Siku alizokosa kazi alilipa hamsini, na iliyofuata akalipa mia na hamsini.

Pale chini ya mwarobaini tulimpimia kilo 16 na nusu za sukari kama wenzake. Kilichobaki magunia yote mawili yalipoisha ni kilo moja, tukampa mwenye uani kwa kufagia. Jioni ya Idi pili yule dada wa sita alipita nyumbani na shilingi mia moja, akamwomba mwenye daftari aanze ukurasa mpya.